Anthony Allison: Mtoto wa Gilgil aliyefumbua siri ya malaria katika damu ya Mwafrika

MWAKA wa 1949 kijana mmoja wa Kizungu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza, alizunguka Kenya akiwaomba watu tone la damu.

Wenzake katika msafara ule walikuwa wamekuja kuchunguza mimea na wadudu wa Mlima Kenya. Yeye alitaka kujua jinsi jamii za nchi hii zinavyohusiana na zinavyotofautiana kwa aina za damu zao. Alikusanya damu nyanda za juu, kando ya Ziwa Victoria na katika pwani ya Bahari Hindi.

Jina lake lilikuwa Anthony Clifford Allison, na kinyume na walivyodhani wengi waliomwona, hakuwa mgeni. Alizaliwa East London, Afrika Kusini, tarehe 21 Agosti 1925, lakini alilelewa Gilgil, katika shamba la wazazi wake lililotazama Bonde la Ufa. Akiwa kijana alimfahamu Louis Leakey, mchimbuzi mashuhuri wa mabaki ya binadamu wa kale, na tangu wakati huo swali la asili ya mwanadamu halikumtoka akilini. Alisomea Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg kabla ya kwenda Oxford kusomea udaktari.

Miongoni mwa mambo aliyoyapima katika safari ile ni hali iitwayo selimundu. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi. Tone la damu huwekwa juu ya kioo, likachanganywa na kemikali inayoondoa hewa ya oksijeni, kisha likatazamwa kwa hadubini. Chembe nyekundu za mtu wa kawaida hubaki na umbo lake la mviringo. Za mwenye jeni ya selimundu hujikunja zikawa mfano wa mundu wa kukatia majani.

Matokeo yalimshangaza. Katika jamii zilizoishi karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni hiyo. Katika jamii za nyanda za juu na za maeneo makavu, hata mmoja kati ya 100 ilikuwa taabu kumpata.

Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama huugua ugonjwa wa selimundu, na enzi zile karibu wote walikufa kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Jeni inayoua namna hiyo ilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi hadi itoweke. Mbona basi ilikuwa imeshamiri katika ukanda wa pwani?

Allison alilitazama jibu katika ramani. Mahali palipokuwa na jeni kwa wingi ndipo palipokuwa na mbu kwa wingi. Ukanda wa Kilifi na Malindi, wenye joto, mvua za masika na madimbwi ya mito kama Sabaki, ni mfano wa maeneo ambako malaria iliwatafuna watoto tangu enzi za mababu. Aliwaza kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu, kwa mzazi mmoja, haugui selimundu, na papo hapo anakingwa asiuawe na malaria.

Yalikuwa mawazo mazito kwa mwanafunzi wa miaka 24. Wengine walikuwa wameligusa jambo hilo kwa mbali. Daktari mmoja wa Rhodesia Kaskazini, E. A. Beet, alikuwa ameona mwaka wa 1946 kwamba wenye chembe za mundu walionekana na vimelea vya malaria mara chache zaidi. Naye J. B. S. Haldane alidokeza mwaka huo huo wa 1949 kwamba maradhi mengine ya damu ya kurithi, yapatikanayo Bahari ya Kati, huenda yanahusiana na malaria. Lakini hakuna aliyekuwa amethibitisha.

Allison hakuchapisha lolote. Alirudi Oxford kukamilisha udaktari, akakaa na fununu yake kwa miaka minne. Katika ulimwengu wa wasomi, ambako wengi hukimbilia kutia majina yao magazetini, subira hiyo ni ya kustaajabisha.

Ili kufahamu alichokuwa akikitafuta, na alichokosa kukiona, ni lazima kwanza kuitazama chembe nyekundu yenyewe.

Kila seli ya kiumbe hai imezungushiwa utando mwembamba usioonekana kwa macho, wenye unene wa sehemu 5 hadi 10 za milioni moja za milimita. Utando huo ndio mpaka baina ya uhai na kisicho uhai. Huamua nini kiingie na nini kitoke: maji, sukari, chumvi, hewa. Ukipasuka, seli hufa.

Kwa sadfa, mwaka ule ule wa 1925 aliozaliwa Allison, Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walitoa mafuta yote yaliyomo katika chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji. Walizichagua chembe hizo kwa sababu hazina kiini wala tando nyingine ndani. Mafuta yote hutoka katika utando wa nje. Yalifunika eneo lililokaribia mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakatambua kwamba utando wa seli una tabaka mbili za mafuta zilizolaliana.

Mpishi yeyote wa Malindi anajua kuwa mafuta ya nazi hayachanganyiki na maji. Molekuli za utando zina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Zikiwa ndani ya mwili, ambao sehemu yake kubwa ni maji, hujipanga zenyewe kwa safu mbili: vichwa nje, mikia ndani ikielekeana. Mwaka wa 1972 Wamarekani Singer na Nicolson walikamilisha picha hiyo walipoeleza kwamba protini huelea katika tabaka hizo mithili ya ngalawa baharini. Baadhi ya protini ni milango, nyingine ni bawabu, nyingine ni alama za kumtambulisha mwenye nyumba. Aina za damu za A, B na O ni alama za namna hiyo juu ya utando.

Chembe nyekundu ina umbo la kitumbua kilichobonyea katikati pande zote mbili. Utando wake hunyumbulika ajabu, kwani kwa muda wa siku 120 hivi hupenya katika mishipa myembamba kuliko yenyewe bila kuchanika.

Kimelea cha malaria hutumia unyumbufu huo huo kuingia. Hujigandisha juu ya utando, kikaushika kwa protini zake, kisha kikajisukuma hadi utando ukabonyea na kukimeza. Kwa muda usiozidi dakika chache kimekwisha kuingia. Ndani humo hula himoglobini, ambayo ndiyo hubeba oksijeni, kikazaana, na baada ya takriban saa 48 chembe hupasuka na kumwaga vimelea vipya.

Kabla ya kupasuka hufanyika hila nyingine. Kimelea hupeleka protini yake hadi juu ya utando wa chembe kilimojificha na kuusimika vinundu. Vinundu hivyo hunata kwenye kuta za mishipa, hata ya ubongo. Mtoto hupata degedege, ambayo wazee wa pwani waliinasibisha na ndege wa usiku, akapoteza fahamu na pengine asizinduke.

Mambo hayo Allison hakuyajua alipotia nanga tena Afrika Mashariki mwaka wa 1953. Alichotaka kuthibitisha ni jambo moja tu: je, wenye jeni moja ya selimundu wanakingwa, au hawakingwi?

Alianzia Uganda. Alipima damu ya watoto 290 wa Kiganda. Miongoni mwa wasiokuwa na jeni, takriban 46 katika kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria. Miongoni mwa wenye jeni walikuwa 28 katika kila 100.

Kisha akafanya jaribio ambalo ndilo lililomjengea jina na ndilo linalozua mjadala mpaka leo. Jijini Nairobi aliwachukua wanaume 30 Waluo waliojitolea, ambao walikuwa wamekaa mbali na maeneo ya malaria kwa muda mrefu. Nusu walikuwa na jeni ya selimundu, nusu hawakuwa nayo. Wote wakaambukizwa malaria kusudi, ile kali inayoua.

Kati ya wale 15 wasiokuwa na jeni, vimelea vilionekana kwa 14. Kati ya 15 waliokuwa nayo, vilionekana kwa wawili tu. Waliougua walipewa dawa.

Jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa leo kwa jinsi lilivyofanywa. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na si vigumu kuona tofauti ya uwezo iliyokuwepo baina ya daktari Mzungu na kibarua Mwafrika. Jina la Allison limo katika vitabu vya biolojia duniani kote. Wanaume wale 30, ambao miili yao ndiyo iliyotoa jibu, wamesahaulika.

Baada ya hapo alipima watu wapatao 5,000 kote Afrika Mashariki. Katika baadhi ya jamii alikuta jeni hiyo kwa kiasi cha watu 40 katika kila 100, na popote alipoikuta kwa wingi, malaria nayo ilikuwepo. Mwaka wa 1954, akiwa na umri wa miaka 28, alichapisha makala kadhaa, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya jarida la madaktari wa Uingereza mwezi Februari.

Mapokezi yalikuwa baridi. Wapo waliorudia vipimo vyake wasione tofauti, na wapo walioona haiwezekani jeni ya maradhi iwe pia ngao. Ilichukua miaka kadhaa ya utafiti wa watu wengine kabla ya shaka kuondoka. Leo kazi hiyo huhesabiwa kuwa mfano wa kwanza uliothibitishwa vyema wa uteuzi wa maumbile alioueleza Charles Darwin, ukitendeka kwa binadamu.

Nyumbani kwa mtu wa Kilifi, hesabu hiyo ina sura nyingine. Baba mwenye jeni moja na mama mwenye jeni moja, wote wawili wazima wa afya, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye jeni mbili. Utafiti wa watoto zaidi ya 15,000 waliopimwa wakiwa wachanga katika eneo la Kilifi ulionyesha kuwa wanane katika kila 1,000 huzaliwa na ugonjwa wa selimundu. Himoglobini yao hujifunga minyororo ndani ya chembe, ikausukuma utando mpaka ukapinda na kukakamaa. Chembe zilizokakamaa huziba mishipa. Yafuatayo ni maumivu ya mifupa, upungufu wa damu na maambukizi ya mara kwa mara. Kwa vizazi vingi familia zilizozika watoto wawili watatu namna hiyo ziliuliza ni nani aliyewaroga.

Allison alipata kueleza kwa nini jeni hiyo haiishi, bali hakupata kueleza ngao yake hufanya kazi vipi. Huo ulikuwa upungufu ambao yeye mwenyewe hakuuficha, na maisha yake yaliyosalia yalimpeleka kwingine.

Alifanya kazi kwa kitambo na Linus Pauling huko California, yule aliyegundua kwamba selimundu ni ugonjwa wa molekuli. Kuanzia 1957 aliajiriwa katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, Mill Hill, London. Huko ndiko alikojikuta ana kwa ana na utando wa seli. Ndani ya seli nyingi mna vijifuko viitwavyo lisosomu, vyenye vimeng'enya vya kuyeyushia takataka, navyo vimezungukwa na utando wa aina ile ile. Mwaka wa 1966 yeye na wenzake walionyesha kwamba chembe za vumbi la silika, linalowaua wachimba migodi kwa ugonjwa wa mapafu, humezwa na seli za ulinzi, kisha hupasua utando wa lisosomu. Vimeng'enya humwagika na kuila seli kutoka ndani.

Mwaka wa 1978 alirejea Kenya kuwa mkurugenzi wa maabara ya kimataifa ya utafiti wa maradhi ya mifugo, ILRAD, iliyokuwa Kabete. Kazi kubwa hapo ilikuwa ndigana na nagana, maradhi mawili yanayofilisi wafugaji. Alikaa hadi 1980 tu.

Kutoka hapo alihamia California, katika kampuni ya dawa ya Syntex, pamoja na mwanasayansi mwenzake Elsie Eugui, aliyekuwa mkewe. Wawili hao walitengeneza dawa iitwayo mycophenolate mofetil, inayotuliza kinga ya mwili ili figo iliyopandikizwa isikataliwe. Iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1995 na imewafaa wagonjwa wengi mno duniani. Mtu mwingine angeridhika kukumbukwa kwa dawa hiyo peke yake.

Wakati Allison akiwa California, swali aliloliacha lilikuwa limerudi pwani ya Kenya. Mwaka wa 1989 kituo cha utafiti cha KEMRI kwa ushirikiano na Wellcome Trust kilianzishwa katika hospitali ya Kilifi. Kikundi kilichoongozwa na Thomas Williams kiliwafuatilia watoto wa Ngerenya na Chonyi pamoja na waliolazwa hospitalini. Mwaka wa 2005 kilitangaza kwamba jeni moja ya selimundu hupunguza malaria ya kawaida kwa nusu, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Fununu ya mwanafunzi wa 1949 ikapata vipimo.

Kikundi hicho kiligundua pia ajabu nyingine. Wapwani wengi wana hali ya kurithi iitwayo thalasemia ya alfa, nayo hukinga malaria kali. Lakini mtoto aliyerithi zote mbili, thalasemia na jeni moja ya selimundu, hupoteza kinga karibu yote.

Na ngao yenyewe ikaanza kueleweka, safari hii kwa kuutazama utando. Mwaka wa 2008 na 2011 watafiti walionyesha kwamba katika chembe zenye himoglobini ya selimundu, kimelea hushindwa kujenga vyema njia ya kusafirishia protini zake hadi juu ya utando. Vinundu hutoka vichache na vyenye kasoro, na chembe hazinati sana kwenye mishipa. Sababu nyingine zipo, lakini hiyo yafafanua kwa nini mtoto huyo huweza kuwa na vimelea na bado asifikwe na degedege.

Allison aliaga dunia California tarehe 20 Februari 2014, akiwa na umri wa miaka 88. Hakuishi kuona yaliyofuata Kilifi.

Mwaka wa 2017 wanasayansi waliripoti kwamba aina ya damu iitwayo Dantu, iliyo nadra mno Afrika Magharibi, hupatikana kwa wingi zaidi Kilifi, na hupunguza hatari ya malaria kali kwa kiasi cha asilimia 40. Dantu hutokana na mabadiliko ya protini za utando wa chembe nyekundu, zile ambazo kimelea huzishika kinapoingia.

Mtafiti wa Kilifi, Silvia Kariuki, pamoja na wenzake wa huko na wa Cambridge, walichunguza damu ya watoto 42 wazima wa Kilifi. Walivirekodi vimelea kwa kamera ya hadubini vikijaribu kuingia katika chembe. Ripoti yao ya mwaka wa 2020 ilieleza kwamba utando wa chembe za Dantu umekazwa zaidi. Atakayetaka kuelewa na akumbuke ngoma iliyoota moto kabla ya kuchezwa: ngozi yake haibonyei kwa kidole. Kimelea hujigandisha, husukuma, na utando hukataa kukimeza. Hata kwa watu wasio na Dantu, chembe chache zilizokazwa kupita kiasi fulani ziliponea namna hiyo hiyo.

Tofauti na jeni iliyomshughulisha Allison, Dantu haijahusishwa na ugonjwa wa kuua watoto.

Palibaki swali lile lile la 1953: je, yanayoonekana katika kioo ndiyo yanayotokea mwilini? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 ulilijibu kwa njia iliyofanana na ya Allison, lakini kwa kanuni nyingine. Watu wazima wa Kenya waliojitolea, baada ya kamati za maadili kuidhinisha na wao wenyewe kutoa ridhaa, walidungwa vimelea vya malaria na kuangaliwa na madaktari kule Kilifi. Kwa wenye Dantu vimelea vilizaana kwa shida, na waliohitaji kutibiwa mapema walikuwa wachache kuliko wengine. Wote, walioonekana na vimelea na wasioonekana navyo, walipewa dawa ya malaria kabla ya kuruhusiwa kurudi makwao.